A Clash of Kings: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasomaji wapya

Ukurasa huu ni wa wanaosoma A Clash of Kings, kitabu cha pili katika mfululizo wa A Song of Ice and Fire wa George R. R. Martin. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila msomaji mpya anapomaliza kitabu cha kwanza na kukishika hiki. Sehemu ya kwanza haitakuharibia uhondo wa kitabu hiki. Kuanzia sehemu ya pili tunazungumza wazi juu ya kila kinachotokea ndani ya kitabu hiki, mpaka ukurasa wa mwisho. Vitabu vinavyofuata havifichuliwi popote.

## Mambo ya msingi

1. Kitabu hiki kilitoka lini, na kinakaa wapi katika mfululizo?

Ni cha pili. Cha kwanza, A Game of Thrones, kilitoka 1996. Hiki kilichapishwa Uingereza mwishoni mwa 1998 na Marekani mwanzoni mwa 1999, kikapata tuzo ya Locus ya riwaya bora ya fantasia ya mwaka 1999. Kikafuatwa na A Storm of Swords (2000), A Feast for Crows (2005) na A Dance with Dragons (2011). Martin alianza akiwa na mpango wa vitabu vitatu tu. Sasa mpango ni saba, na cha sita kinasubiriwa tangu 2011.

2. Naweza kuanzia hapa bila kusoma cha kwanza?

Hapana. Martin harudii. Anakuchukulia kwamba unajua Ned Stark alikatwa kichwa kwa sababu gani, Bran alianguka vipi kutoka mnarani, na watoto wa Malkia Cersei baba yao ni nani. Siri hiyo ya mwisho ndiyo mzizi wa vita vyote vya kitabu cha pili. Ukiikosa, utaona watu wanachinjana bila kuelewa wanagombea nini.

Kama uliangalia tamthilia ya televisheni peke yake, unaweza kufuata hadithi, ila soma kwanza swali la 24.

3. Kwa nini kila sura ina jina la mtu badala ya kichwa cha habari?

Kila sura inaonwa kwa macho ya mtu mmoja, na unajua anachojua yeye tu. Kitabu kina utangulizi mmoja na sura 69, zilizogawanywa kwa watu tisa: Tyrion, Arya, Sansa, Jon, Bran, Catelyn, Theon, Daenerys na Davos. Theon na Davos ndio wapya. Tyrion amepewa sura 15, nyingi kuliko wote. Davos ana tatu tu.

Angalia nani hayumo. Kitabu kinaitwa mgongano wa wafalme, lakini hakuna hata mfalme mmoja mwenye sura yake. Joffrey, Stannis, Renly, Robb na Balon tunawaona kutoka pembeni, kwa macho ya mama, mtumishi, mateka au mjomba. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kabisa aliofanya Martin katika kitabu hiki. Mfalme ni vile watu wanavyomwona, na sisi wasomaji tumewekwa kundi moja na watu hao.

4. Majina ni mengi mno. Nifanye nini?

Nyuma ya kitabu kuna orodha ya koo zote, kila ukoo na watu wake, na mbele kuna ramani. Zitumie bila aibu. Usijaribu kukariri kila jina linalotajwa. Wengi hutajwa mara moja tu kwenye orodha ya wageni wa karamu au mabendera ya jeshi, na hawarudi. Shika koo kwanza (Stark, Lannister, Baratheon, Greyjoy, Tyrell, Tully, Targaryen) na watu watajipanga wenyewe.

Utangulizi ni mgumu kidogo, kwa sababu unaanza katika kisiwa cha Dragonstone kwa mzee ambaye hujawahi kumsikia. Vumilia. Ni miongoni mwa kurasa nzuri zaidi za mfululizo mzima.

5. Kinafaa kusomwa na watoto?

Hakifai. Majoka yasikudanganye. Kuna ubakaji, mateso ya wafungwa na mauaji ya watoto, vyote vimeelezwa bila kufunikwa. Ni riwaya ya watu wazima.

## Wafalme na madai yao

6. Wafalme watano ni akina nani hasa?

Mfalme Robert Baratheon alipokufa aliacha kiti cha ufalme kwa Joffrey, mtoto wa Cersei. Joffrey anatawala King's Landing, mji mkuu, akilindwa na ukoo wa mama yake, Walannister. Stannis, ndugu wa pili wa Robert, anasema Joffrey ni mwana wa haramu na kwamba kiti ni chake. Renly, ndugu mdogo kabisa, naye ametawazwa, na nyuma yake lipo jeshi kubwa la Watyrell wa Highgarden, kwa sababu amemwoa binti yao Margaery. Robb Stark ametangazwa na mabwana wake kuwa Mfalme wa Kaskazini. Balon Greyjoy amejivika taji katika Visiwa vya Chuma.

Ukiwapanga hivyo utaona kwamba vita ni viwili. Watatu wa kwanza wanagombea kiti kimoja. Wawili wa mwisho hawakitaki kabisa, wanataka kujitenga. Ndiyo maana Robb na Stannis, ambao wote wawili wana kisasi kimoja na Walannister, hawakuweza kuungana. Stannis haoni tofauti kati ya anayemnyang'anya kiti chote na anayemmegea nusu ya nchi.

7. Kwa sheria, nani ana haki?

Stannis. Kama watoto wa Cersei si wa Robert, mrithi ni ndugu anayefuata, na huyo ni Stannis. Kwa upande wa sheria hakuna mjadala.

Tatizo ni kuthibitisha. Stannis aliandika barua na kuzisambaza kila bandari, akitangaza kwamba Joffrey amezaliwa kwa zinaa ya Cersei na ndugu yake pacha, Jaime. Ilikuwa kweli, lakini hakuwa na shahidi. Littlefinger, mweka hazina wa Joffrey, akajibu kwa njia rahisi: akashauri uenezwe uvumi kwamba Shireen, binti ya Stannis, baba yake ni Patchface, mchekeshaji wa ngomeni. Ulikuwa uongo mtupu. Hata hivyo, masikioni mwa muuza samaki wa King's Landing habari hizo mbili zina uzito uleule.

Renly hakujisumbua na sheria. Alipoulizwa na Catelyn, mama yake Robb, alijibu kwamba hata Robert hakuwa na haki yoyote zaidi ya rungu lake la vita. Jibu hilo lina ukweli mchungu, kwa kuwa Wabaratheon wenyewe walikipata kiti kwa uasi.

8. Mbona Mance Rayder na Daenerys hawahesabiwi?

Mance anaitwa mfalme wa ng'ambo ya Ukuta wa barafu ulioko kaskazini, nje ya Falme Saba. Hadai kiti. Daenerys, wa ukoo wa Targaryen uliopinduliwa na Robert, anakidai, tena kwa nguvu, lakini yuko ng'ambo ya bahari na hakuna bwana hata mmoja wa Westeros, bara la Falme Saba, anayempigania.

9. Robb alimtuma Theon kwa baba yake kutafuta urafiki. Kwa nini Balon aliishambulia Kaskazini badala ya Walannister?

Robb alimwandikia Balon kwamba akiwapiga Walannister atapewa taji. Kosa liko katika neno "atapewa". Utamaduni wa Visiwa vya Chuma unaheshimu kile mtu anachokitwaa kwa shoka, si anachopewa wala kununua. Balon aliitupa barua motoni. Kuna na hesabu baridi: jeshi la Robb lilikuwa limekwenda kusini, pwani yake ikabaki wazi. Isitoshe, Ned Stark, baba yake Robb, ndiye aliyemchukua Theon kuwa mateka baada ya uasi wa Balon kushindwa, takriban miaka kumi nyuma. Catelyn alimwonya mwanawe asimtume Theon, naye hakumsikia.

## Fitina za King's Landing

10. Kitendawili cha Varys maana yake nini?

Varys, towashi anayeongoza wapelelezi, anampa Tyrion, ndugu mdogo wa Cersei, fumbo. Chumbani wamekaa watu watatu wakubwa: mfalme, kuhani na tajiri. Katikati amesimama askari wa kukodiwa, mtu duni mwenye upanga. Kila mmoja wa wale watatu anamwamuru awaue wengine wawili. Nani ataishi?

Tyrion kwanza anajibu kwamba inategemea yule askari. Varys anamuuliza: kama wenye panga ndio wanaoamua, mbona tunasema wafalme wanatawala? Jawabu lake ni kwamba nguvu hukaa pale watu wanapoamini kuwa ipo. Anaifananisha na kivuli ukutani, ambacho hata mtu mdogo anaweza kukitupa kikawa kirefu.

Shika neno hilo kivuli, maana kitabu kitalirudia kwa njia ya kutisha (tazama swali la 15). Kama kuna ukurasa mmoja wa kuusoma mara mbili, ni huo. Ukiwa nao mkononi, mambo mengi yanafunguka: kwa nini ukweli wa Stannis haukumfaa kitu, kwa nini Joffrey mvulana mjinga alitiiwa na watu wazima wenye silaha, na kwa nini Theon alipoteza Winterfell, ngome ya Wastark, aliyokwisha kuiteka. Askari walimtii mpaka siku walipoacha kuamini.

11. Tyrion alimnasaje msaliti katika Baraza Dogo?

Tyrion alifika mjini akiwa Mkono wa Mfalme, yaani waziri mkuu, na akakuta kila anachosema kinafika kwa Cersei. Akawaita wajumbe watatu wa Baraza Dogo, yaani washauri wa mfalme, Pycelle msomi mzee, Varys na Littlefinger, kila mmoja kwa wakati wake, akampa kila mmoja mpango tofauti kama siri kubwa. Cersei alipomjia juu kwa hasira, alitaja mpango wa kumwoza binti yake Myrcella huko Dorne, nchi ya kusini kabisa, nao alikuwa ameambiwa Pycelle peke yake. Mzee akanyolewa ndevu zake na kutupwa gerezani.

Wasomaji huuliza kwa nini Tyrion hakuwashughulikia wale wengine wawili, ambao ni hatari zaidi. Aliwahitaji. Varys ana masikio kila kona ya mji, na Littlefinger ndiye mweka hazina anayejua fedha ziliko.

12. Kwa nini mji uliingia njaa na ghasia?

Chakula cha King's Landing hutoka Reach, nchi ya Watyrell, na Watyrell walikuwa upande wa Renly. Barabara ikafungwa. Nchi za mito, ambazo zingesaidia, zilikuwa zimechomwa na majeshi ya Tywin Lannister, baba yao Cersei na Tyrion. Wakimbizi wakamiminika mjini, bei ya mkate ikapanda, na siku ya kumsindikiza Myrcella bandarini umati ukalipuka. Kuhani mkuu wa dini ya Saba, mtu mnene katikati ya wenye njaa, akararuliwa vipandevipande.

Hapa ndipo Martin anapowazidi waandishi wengi wa fantasia. Ndoa ya Renly na Margaery, ambayo mahali pengine ingekuwa pambo la karamu, inafika mezani kwa maskini ikiwa ni sahani tupu. Na Watyrell wanapohamia upande wa Joffrey mwishoni, magari ya chakula yanaingia na mji unawashangilia watu walewale walioushindisha njaa.

13. Littlefinger anataka nini?

Kitabu hiki hakijibu, na mimi sitafichua ya mbele. Ila hesabu anachopata. Anapotumwa kwa Watyrell baada ya kifo cha Renly, anarudi na jeshi lao pamoja na ndoa ya Margaery na Joffrey, kisha anazawadiwa ngome ya Harrenhal na cheo kikubwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

## Uchawi

14. Kitabu cha kwanza kilikuwa na uchawi mdogo sana. Kwa nini hapa umeongezeka?

Kwa sababu majoka ya Daenerys yamezaliwa. Martin hasemi hivyo waziwazi. Anaacha vipande viwili mbali na kutegemea wewe uviunge. Kipande cha kwanza kiko King's Landing. Hallyne, mmoja wa wakuu wa chama cha watengeneza moto wa kichawi, anamwambia Tyrion kwamba kazi inakwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa, kisha anauliza kwa aibu kama kuna majoka mahali popote. Mwalimu wake wa zamani alimfundisha kwamba fomula zao zilidhoofika majoka yalipokufa. Tyrion anapuuza.

Kipande cha pili kiko Qarth, ng'ambo ya dunia. Daenerys anamtazama mwanamazingaombwe akipanda ngazi ya moto angani, na Quaithe, mwanamke mwenye barakoa, anamwambia kwamba miezi michache nyuma mtu huyo hakuweza chochote cha maana. Anamwambia pia kwamba chanzo ni yeye Daenerys.

Hakuna mhusika mwenye vipande vyote viwili. Msomaji peke yake ndiye anayejua. Hiyo ndiyo raha ya mpango wa sura ulioelezwa katika swali la 3.

15. Nani alimuua Renly?

Stannis, kwa mkono wa Melisandre, kuhani mwekundu wa mungu wa moto. Alfajiri kabla ya vita, Brienne, mlinzi wake, akiwa anamvika Renly mavazi ya chuma na Catelyn akiwapo hemani, kivuli kiliingia na kumkata koo. Catelyn alikiona kivuli hicho kikiwa na sura ya Stannis.

Namna kinavyofanyika tunaiona baadaye, Davos, nahodha mtiifu wa Stannis, anapoagizwa kumpeleka Melisandre kwa mashua chini ya ngome ya Storm's End. Huko pangoni Melisandre anazaa kivuli mbele ya macho yake, na usiku huohuo msimamizi wa ngome, Cortnay Penrose, anakufa. Watu huuliza kwa nini ilibidi wapite chini kwa mashua ilhali kwa Renly haikuhitajika. Maelezo yamo: kuta za Storm's End zina uchawi wa kale uliofumwa ndani ya mawe, kivuli hakiwezi kuzipenya. Renly alikuwa kambini, ndani ya hema la nguo.

Je, Stannis alijua? Alikuwa usingizini, na anamsimulia Davos ndoto aliyoiota: hema, mishumaa, damu, wanawake wakipiga kelele. Anajitetea kwamba mikono yake ni safi. Wasomaji wamegawanyika hapa. Mimi nasoma kwamba alijua vya kutosha kuchagua kutojua zaidi. Tazama pia jinsi Davos anavyomwona amezeeka na kukonda. Kivuli kinatolewa ndani ya mtu, na mtu anapungua.

16. Upanga unaowaka wa Stannis ni ule wa hadithi?

Kuna sababu ya kutilia shaka. Aliutoa katika moto uliowashwa kwa sanamu za miungu Saba, na ulipozimwa ulikuwa chuma kilichoungua. Salladhor Saan, haramia rafiki yake, anamsimulia Davos hadithi ya Azor Ahai, shujaa wa kale ambaye kupata upanga wake wa kweli alimchoma nao mkewe mpenzi. Akimaliza anamwambia ashukuru kwamba mfalme wake ana upanga uliobabuka tu.

17. Ile nyota nyekundu yenye mkia ina maana gani?

Kila mtu anaisoma kwa faida yake. Watu wa Joffrey wanasema ni rangi ya Walannister inayotangaza utawala wake. Melisandre anasema ni ya Stannis. Baba mdogo wa Theon, Aeron, anaona mwenge wa mungu wa bahari. Daenerys anaifuata jangwani. Nan, yaya mzee kipofu wa Winterfell, anasema ni majoka. Ni Nan peke yake asiyejipatia chochote kwa tafsiri yake.

18. Maono ya Nyumba ya Wasiokufa nitayaelewaje?

Usihangaike kuyaelewa yote sasa. Daenerys anaingia jumba la wachawi wa Qarth kwa masharti: achukue daima mlango wa kwanza kulia, na ngazi apande tu, asishuke. Anaona mambo yaliyopita, yajayo na yasiyokuwapo. Mengine yanafahamika papo hapo: mwanamume mwenye kinubi na mtoto mchanga ni ndugu yake Rhaegar, na ndiye anayetaja wimbo wa barafu na moto, jina la mfululizo wote. Mengine, kama mfalme mwenye kichwa cha mbwa mwitu karamuni, yaandike pembeni uendelee. Anaambiwa pia kuhusu mioto mitatu, vipandwa vitatu na usaliti wa mara tatu, na mjadala juu ya hayo haujaisha hadi leo.

19. Ndoto za Jojen Reed ni za kweli?

Ndiyo, ila hutimia kwa umbo lisilotarajiwa. Kijana huyu, mgeni wa Winterfell, aliota bahari ikifurika ndani ya Winterfell, ngome iliyo mbali na pwani. Watu walicheka. Bahari ilikuwa watu wa Visiwa vya Chuma waliokuja na Theon. Aliwaona pia Bran na nduguye Rickon, wadogo zake Robb, wamekufa, nyuso zimechunwa. Jibu la hilo liko swali la 21.

## Vita na maswali yenye utata

20. Stannis alipoushambulia mji, Tyrion alishindaje kwenye mto Blackwater?

Hakushinda peke yake. Wiki nyingi kabla, aliwaamuru wahunzi wote wa mji waache silaha na wafue pingu kubwa za mnyororo. Meli za Stannis zilipoingia mtoni, Tyrion aliziacha ziingie, akawasha moto wa kijani wa chama cha Hallyne, kisha mnyororo ukainuliwa nyuma yao mdomoni mwa mto. Waliokuwa ndani hawakuweza kutoka. Davos anauona mnyororo huo ukiinuka, na sura hiyo, ya mwisho kwake kitabuni, ni ya kuogofya.

Hata hivyo askari wa Stannis walivuka juu ya mabaki ya meli na kufika malangoni. Kilichouokoa mji ni jeshi la Tywin pamoja na Watyrell waliofika kutoka nyuma. Tyrion wakati huo alikuwa amekatwa uso na Mandon Moore, mlinzi wa mfalme, na kuokolewa na kijana wake Podrick. Anaamka akiwa amepoteza cheo chake na sehemu kubwa ya pua yake.

Kama unajua historia ya Constantinople, utayatambua mambo haya mawili. Mji huo ulikuwa na mnyororo wa kufunga mlango wa Pembe ya Dhahabu, na wanamaji wake walitumia moto wa kimiminika dhidi ya meli za Waarabu katika karne ya 7 na tena kwenye mazingiwa ya 717 hadi 718. Kwa upande wa siasa, Martin amesema wazi kwamba aliegemea Vita vya Mawaridi vya Uingereza vya karne ya 15, kati ya koo za York na Lancaster.

21. Theon aliwaua Bran na Rickon?

Hapana. Walimtoroka, naye kwa kuogopa kuchekwa aliwaua watoto wawili wa msaga nafaka, akachuna nyuso zao wasitambulike. Wenyewe walikuwa wamejificha makaburini chini ya ngome ileile.

Hao watoto wa msaga nafaka kitabu hakitupi hata majina yao. Nimeona wasomaji wakipumua kwa furaha kwamba Bran yu hai, na nawaelewa. Lakini rudi usome sura za Theon baada ya hapo, anavyoshindwa kulala. Martin hakukusudia tupumue.

Na Winterfell haikuchomwa na Theon. Mtumishi wake aliyejiita Reek ni Ramsay Snow, mwana wa haramu wa Roose Bolton. Ndiye aliyeishambulia, akaua waliokuja kuikomboa, na kuitia moto.

22. Kwa nini Arya alipoteza vifo viwili vya kwanza kwa watu duni?

Jaqen H'ghar, muuaji aliyeokolewa na Arya, alimpa vifo vitatu, yaani ataje watu watatu wa kuuawa, naye akawataja Chiswyck na Weese, wakati angeweza kumtaja Tywin mwenyewe, aliyekuwa Harrenhal wakati huo, ambako Arya alitumikishwa. Arya anajilaumu kwa hilo. Lakini ni mtoto wa takriban miaka kumi, na anayempiga kila siku ni Weese. Adui wa mtumwa ni msimamizi kabla ya kuwa mfalme. Jina la tatu alilitumia vizuri: alimtaja Jaqen mwenyewe, na hakulifuta mpaka alipomsaidia kuwafungua wafungwa wa Kaskazini.

23. Jon alimsaliti Qhorin?

Alimtii. Wote wawili ni askari walinzi wa Ukuta, na Qhorin, mkubwa wake, alimwamuru ajisalimishe kwa watu wa ng'ambo ya Ukuta, afanye lolote watakaloamuru, na achunguze mipango yao. Walipomwamuru amuue Qhorin, amri ilikuwa imeshatolewa na Qhorin.

24. Nimeangalia tamthilia. Kuna tofauti gani?

Msimu wa pili wa Game of Thrones ulioneshwa 2012 kwa sehemu kumi. Yaliyobadilika sana ni haya: kitabuni Arya anamnywesha mvinyo Roose Bolton, si Tywin. Majoka ya Daenerys hayaibwi Qarth. Tabibu Talisa hayumo. Jojen na dada yake Meera wamo tangu kitabu hiki, wakati kwenye televisheni wanakuja msimu wa tatu. Mnyororo wa Tyrion televisheni haikuuonesha kabisa, nao ndio kiini cha mpango wake. Sehemu ya tisa, Blackwater, iliandikwa na Martin mwenyewe.

25. Nikimaliza niende wapi?

A Storm of Swords, moja kwa moja, kwa sababu sura zake za mwanzo zinaanza kabla vumbi la Blackwater halijatua. Ukitaka kupumzika kidogo katikati, soma The Hedge Knight, hadithi fupi aliyoitoa Martin mwaka uleule wa 1998. Inatokea dunia ileile takriban miaka 90 nyuma, na haigusi siri yoyote ya mfululizo.